Gitaa la Ng'ombe na Gitaa la Mayai

Mwaka juzi, ukipita nyumbani kwa Efraimu Sumari saa kumi za jioni, ulipunguza mwendo hata kama ulikuwa na haraka. Mkewe, Sabina, alikuwa amekaa kwenye kigoda akikatakata migomba ya kumlisha ng'ombe. Binti yao Elinipa, wa darasa la pili, alikuwa akifanya hesabu ardhini kwa kijiti. Efraimu naye, ametoka kupalilia kahawa na miguu yake bado ina udongo, alikuwa amekaa kizingitini na gitaa aliloachiwa na marehemu baba yake, akilipiga taratibu, na sauti inateremka katikati ya migomba mpaka barabarani. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina shughuli nyingi, kwa hiyo nilisimama pale mara kwa mara na kujisemea kwamba mtu huyu ana kila kitu. Nilikosea. Alikosa akili, ila hilo halionekani mtu akiwa amekaa kimya anapiga gitaa.

Ndugu zangu wa mlimani, na ninyi watoto wetu mlioshuka mjini mkidhani mmepona ugonjwa wetu, habari hii ni yenu. Sitalificha jina la mtu huyu. Yeye mwenyewe kila alilofanya alilifanya hadharani akitaka atazamwe, basi leo tumtazame vizuri.

Kwanza nilieleze lile gitaa, maana ndilo lenye heshima kuliko watu wote katika hadithi hii. Lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka. Ubavuni lilikuwa limetoboka zamani, na baba yake Efraimu aliliziba kwa kipande cha bati alichokikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kwa hiyo ukilitazama kwa karibu unaona nusu ya ua la alizeti. Lakini shingo yake ilikuwa imenyooka kama rula, na nyuzi zimelala karibu na shingo kiasi kwamba kidole hakipati taabu. Ukilipatanisha sauti asubuhi, jioni bado linasema kweli.

Mwezi wa kumi, bendi moja ndogo kutoka mjini ilikuja kupiga kwenye harusi kijijini kwetu. Mkuu wake ni mzee Jamaldini wa Kaloleni, mtu mwembamba mwenye kofia ya kiua, ambaye bendi yake hupiga kwenye hoteli moja ya watalii kule Sekei kila mwisho wa wiki. Wakati watu wanagawiwa pilau, Efraimu alipiga nyimbo mbili kuwapumzisha wenye vyombo. Jamaldini aliacha sahani yake ya chakula ipoe. Kesho yake akapanda tena mlimani, safari hii bila bendi, akaja mpaka nyumbani kwa Efraimu, na mimi nilikuwepo.

Aliomba alishike gitaa. Hakulitazama rangi wala kiraka. Aliliweka jichoni akaichungulia shingo kwa urefu, kama fundi seremala anavyochungulia mbao kabla ya kuilipia. Kisha akapiga uzi mmoja ukiwa huru, akaubana katikati ya shingo, akaupiga tena, akasikiliza kama sauti hizo mbili zinakubaliana. Akafanya hivyo kwa nyuzi zote sita, bila haraka.

"Vijana wananunua gitaa kwa macho," alimwambia Efraimu. "Gitaa linachaguliwa kwa sikio na vidole. Jicho lina kazi moja tu, kuona kama shingo imenyooka. Mambo ya rangi waachie wapaka kucha."

Ndipo akasema lililomleta. Mpiga gitaa wake anarudi kwao Tanga kupumzika, na nafasi yake iko wazi. Kuna kijana mwingine wa Sombetini anayeitaka, kwa hiyo yeye Jamaldini atawasikiliza wote wawili Jumamosi ya kwanza ya Desemba na kumchukua mmoja. Ni kazi ya mshahara, mwezi kwa mwezi. Nilimwona Sabina akiacha kukata migomba. Mwaka ule kahawa ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa, na katika nyumba ile hakukuwa na mlango mwingine wa kutokea.

"Uje na gitaa hilihili," alisema Jamaldini akiondoka.

Sabina alisikia. Mimi nilisikia. Nadhani hata kuku walisikia. Efraimu alisikia neno moja tu, hoteli.

Kuanzia siku hiyo kichwa kilimvimba. Alinunua miwani ya jua na viatu vyeupe, viatu vyeupe kwenye udongo wetu huu mwekundu, ndugu zangu, halafu akawa anaruka madimbwi kama mbuzi. Kwenye simu alijibandika jina jipya, Efra wa Meru, na picha aliyoegemea gari la mtu. Palizi ya kahawa ikawa ya Sabina. Na lile gitaa la baba yake, lililokwishampa mkate kabla hata hajauomba, likaanza kumtia aibu. Aliniambia kwamba watalii hawawezi kumtazama mtu mwenye gitaa lenye kopo la mafuta. Nikamuuliza kama watalii wanakuja kusikiliza au kutazama. Akaniambia kwamba walimu wa zamani hatujui biashara ya muziki wa sasa.

Sasa niwaeleze mnada, ingawa mnaujua, maana hapo ndipo tulipoharibu wote.

Katika usharika wetu, Sikukuu ya Mavuno huwa hatuleti fedha peke yake. Tunaleta ndizi, kuku, mayai, maharage, parachichi. Vinapita madhabahuni, vinaombewa, kisha ibada ikiisha vinatolewa nje na kunadiwa. Mnadishaji ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Na mnajua tabia yetu. Mtu ambaye wiki nzima amebishana na muuza nyanya gengeni, Jumapili hiyo ananunua jogoo mmoja kwa bei ya mbuzi, mradi shemeji zake wanaona. Tena kitu cha mnadani hakikaguliwi. Ukilibonyeza parachichi kwanza, watu wanakutazama kana kwamba unamkagua Mungu.

Novemba ile alikuja Joel, mwana wa kijiji aliyefanikiwa Dar es Salaam, na gari lenye vioo vyeusi. Alileta gitaa jekundu, linang'aa, vishikio vya nyuzi vina rangi ya dhahabu. Lilikuwa limetundikwa miaka kadhaa kwenye ukuta wa sebule yake, kando ya dirisha la jua, na wanawe hawakulitaka. Basi akampa Mungu. Wako watu wengi wanaompa Mungu kile wanachotaka kitoke ndani ya nyumba.

Nilipoliinua juu, wa kwanza kupiga kelele walikuwa akina mama, kwa vigelegele. Wa pili alikuwa Efraimu. Hakulishika, hakulipiga hata uzi mmoja. Alitaja bei. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hajui gitaa linashikwa upande gani, akapanda juu yake, alitaka kulitundika dukani. Efraimu akapanda. Yule akapanda. Watu wakaanza kuimba na kupiga makofi, simu zikatolewa kupiga picha, na mimi sauti yangu ikazidi kuwa tamu. Nilikuwa nafikiria paa la kanisa linalovuja.

Kisha Efraimu akavua miwani yake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anatoa ng'ombe wake.

Makofi yakalipuka. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa anakamuliwa. Maziwa yake yaliingia kwenye chai, kwenye loshoro ya mtoto, yale mahindi yetu ya maziwa ya mgando, na yaliyobaki Sabina aliyauza kununua sabuni na daftari. Samadi yake ndiyo ilikuwa inalisha migomba. Sabina alikuwa amesimama na kwaya, amevaa joho. Alikaa chini kwenye nyasi na joho lake jeupe. Nani angempinga mumewe? Ahadi imetolewa mbele ya kanisa. Kuipinga ni kumnyang'anya Mungu mkononi.

Nikahesabu mara tatu, nikampa gitaa.

Kama mtu yule angeishia hapo ningemwita mpumbavu wa kawaida, wapo tele. Jumapili iliyofuata, tuliponadi sadaka zilizochelewa, alileta gitaa la baba yake kuwa sadaka. Alilibeba mwenyewe mpaka madhabahuni akitabasamu, ili watu wajue kwamba yeye sasa ana jingine. Nilipolinadi, watu walicheka kiraka. Hakuna aliyetaja bei. Nikarudia, nikaona aibu kwa niaba ya marehemu, maana mkono wake ulikuwa bado unaonekana kwenye lile bati. Mwishowe Sabina akainua mkono.

"Trei moja ya mayai, Mwalimu," alisema.

Nikampa haraka kabla mumewe hajafumbua mdomo. Njiani Efraimu alimgombeza kwamba amemdhalilisha mbele za watu, mke wa mwanamuziki ananunua takataka ya mumewe. Sabina alilifunga gitaa kwenye kitenge na kulitundika nyuma ya mlango wa jiko.

Wiki tatu zilizobaki, majirani wote tulipata mateso. Lile jekundu lilikubali kusema kweli ukilipiga sauti za chini, karibu na vishikio vyake vya dhahabu. Ukipanda juu kidogo kila uzi ulikwenda njia yake. Efraimu alilaumu nyuzi, akanunua nyingine. Akalaumu baridi ya mlimani, akawa analifunika blanketi la mtoto. Akalaumu moshi wa jiko la Sabina. Vidole vyake vikatoka damu, maana nyuzi zilikuwa zimekaa mbali na shingo na kuzibana kulihitaji nguvu ya kukamua ng'ombe. Ng'ombe hakuwepo. Elinipa alikwenda shule na chai ya rangi, na nilimwona Sabina akiwakatia majirani majani ili apewe kibaba cha maziwa na samadi ndoo moja.

Nilimlazimisha Efraimu tushuke mpaka Sombetini kwa Uwesu, fundi wa redio na magitaa. Uwesu alichungulia shingo mara moja tu akatuita tuchungulie. Ilikuwa imepinda kama mgongo wa mtu aliyebeba mkungu. Alisema jua la dirishani limeikausha vibaya, na chuma cha ndani kinachoinyoosha kimekatika. Dawa yake ni shingo mpya, na kwa bei hiyo afadhali gitaa jipya.

Efraimu alilirudisha gitaa kwenye mfuko wa kulibebea. Alisema kwamba gitaa lile limepita madhabahuni na limeombewa na mchungaji, kwa hiyo haliwezi kuwa bovu, na kwamba mafundi wa mjini wana wivu. Uwesu ni Mwislamu mstaarabu, hakutaka kuingia kwenye habari za madhabahu ya watu. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama soda yangu.

Mnaona ugonjwa ulivyofika? Mtu ana masikio mawili mazuri, masikio yaliyomfanya mzee wa watu aache pilau, na anayaambia yanyamaze kwa sababu kukubali kwamba gitaa ni bovu ni kukubali kwamba ng'ombe amekwenda bure.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba ikafika. Yaliyotokea Kaloleni nimesimuliwa na Sabina, na baadaye na Jamaldini mwenyewe, na hawakupishana. Efraimu alivaa viatu vyeupe na miwani. Sabina alimfuata, ingawa alikatazwa, amebeba kitenge chake mgongoni kama aliyebeba mtoto. Bendi hufanyia mazoezi kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba anayopanga Jamaldini. Yule kijana wa Sombetini alikuwa amefika mapema. Anaitwa Najim, kibarua wa kuchanganya zege, na alikuja mikono mitupu. Alikuwa amesema wazi kwamba gitaa alilokuwa akiazima limechukuliwa na mwenyewe, na kama hapatapatikana la kuazima basi Mungu hakupanga.

Efraimu alipomwona hana gitaa alicheka. Hata Sabina aliona aibu.

Alianza Efraimu. Wimbo ulianza chini, ukaenda vizuri, na Jamaldini akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ulipofika mahali pa kupanda, gitaa jekundu likaanza kulia kama paka waliofungiwa kabatini. Mpiga ngoma akapunguza, mpiga besi akasimama. Efraimu akaendelea peke yake mpaka mwisho, jasho linatiririka chini ya miwani.

Jamaldini hakumkaripia. Aliuliza tu lile la bati liko wapi.

Sabina akafungua kitenge. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akapiga nyuzi zote pamoja, na zote zikakubaliana. Akamwelekezea Efraimu.

"Piga hili, bwana mdogo. Vidole vyako havina kosa."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nafasi ilipokuwa. Haikuhitaji maombi wala bahati. Ilihitaji mtu anyooshe mkono.

"Hilo si langu, mzee," alisema Efraimu. "Ni la mke wangu, limenunuliwa kwa mayai. Mimi langu nimelitolea ng'ombe."

"Sikio halijui bei," alisema Jamaldini.

Sabina alimwomba. Aliniambia maneno aliyotumia na nitayaandika kama yalivyo, maana hayakuwa mengi.

"Baba Elinipa, mtoto anakunywa chai ya rangi. Lichukue tu."

Efraimu alimtazama mkewe, akamtazama yule kibarua wa zege aliyekuwa anasubiri ukutani, akaona jinsi atakavyoonekana akishika mbele yao kitu alichokitupa. Akalitia jekundu kwenye mfuko wake, akafunga zipu na kutoka. Alichagua kuonekana ameondoka kuliko kuonekana amekosea.

Kisha Najim akasogea, akapiga goti kidogo mbele ya Sabina kama anavyosalimiwa mama wa mtu.

"Shikamoo mama. Naomba nilijaribu hilo."

Sabina alifikiri kidogo. Ningekuwa mimi ningelifunga kitenge kwa hasira na kwenda zangu. Yeye akamwachia. Najim aliliweka jichoni akaichungulia shingo, Jamaldini akaona, na nadhani mambo yaliishia palepale kabla hata hajapiga. Alipopiga, alipata kazi.

Aliomba alinunue kwa mshahara wake wa kwanza. Sabina akakataa. Alisema hauzi kitu cha mkwe wake, ila atakikodisha, kila mwisho wa mwezi kodi ipande mlimani, na gitaa likipata hata mkwaruzo mmoja linarudi nyumbani. Wakapatana mbele ya Jamaldini. Mwanamke aliyekata majani ya watu kwa kibaba cha maziwa akatoka Kaloleni siku ile akiwa mtu pekee katika nyumba yake anayeishi kwa muziki.

Leo kuna ng'ombe mwingine kwenye banda la Sabina, aliyenunuliwa akiwa mtamba kwa kodi ya gitaa, na amezaa mwezi uliopita. Elinipa anakula loshoro. Anayemkatia ng'ombe majani ni Efraimu, kwa viatu vilivyokuwa vyeupe. Gitaa jekundu limetundikwa sebuleni, mbali na dirisha sasa, baada ya kupinda, na mgeni akiuliza Efraimu husema kwamba aliacha muziki wa hotelini kwa sababu watalii hawana masikio. Jioni hukaa kizingitini mikono mitupu. Kizingiti ni kilekile. Ukipita pale siku hizi huna sababu ya kupunguza mwendo.

MAFUNZO

Anayetaka kuishi kwa muziki achague chombo kama alivyofanya mzee Jamaldini. Achungulie shingo, abane uzi, asikilize, na akiwa na chombo kinachosema kweli asikibadilishe kwa sababu ya macho ya watu. Macho ya watu hayatamkamulia ng'ombe. Na akikosea, maana kila mtu hukosea, akubali mapema. Efraimu hakuangushwa na gitaa bovu. Gitaa bovu lilikuwa na dawa, imetoka ndani ya kitenge, imeshikiliwa mbele yake kwa mikono miwili. Aliangushwa na kukataa kuonekana amekosea, na ugonjwa huo msiucheke sana, kwa sababu mlikuwepo mnadani na mlipiga makofi.

Na mimi nilikuwepo. Mkinisikia namdharau Efraimu tangu mwanzo mkadhani mimi ni msafi, basi malizieni na hili. Siku ile nilipoliinua gitaa jekundu juu ya kichwa changu, jua lilipita kati ya nyuzi na shingo, nikaona pengo ambalo lingepitisha kidole. Nilikuwa nimemwona Jamaldini akifanya kazi ile ile wiki chache nyuma. Nilijua ninachokiona. Bei ilikuwa inapanda, watu wanaimba, paa linavuja, nikanyamaza.

Siku hizi nikinadi nasema. Jogoo akiwa kilema nasema ni kilema, parachichi likiwa limeoza nalipasua. Wazee wa kanisa wamelalamika kwamba mavuno yamepungua, na mchungaji ameniuliza kama sijachoka. Sijachoka. Nimefungua mdomo nikiwa na miaka sitini na nane, na Sabina alishapoteza ng'ombe.